Gari Linatetemeka Kwenye Sailensi: Usinunue Spea Kabla ya Kupima

Uko kwenye foleni, mguu umekaa kwenye breki, usukani unatetemeka na kioo cha ndani kinacheza. Ukilipeleka gari gereji bila kujua lolote, orodha utakayoandikiwa haibadiliki sana: plagi zote, koili, kuosha nozeli, kusafisha throto. Ukikubali yote, laki tatu au nne zimeondoka, na huenda tatizo lilikuwa mpira wa vakyumu wa elfu tano.

Bei ninazotaja hapa ni makadirio ya Dar es Salaam. Uliza maduka mawili matatu ya Gerezani au Kariakoo kabla ya kutoa pesa. Ukiwa mkoani, ongeza nauli ya kifurushi kwenye basi.

Anza na kipimo kisicho na gharama. Acha injini ipate moto, zima AC, weka gia kwenye N, vuta handibreki, kisha tazama mshale wa RPM. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima hutulia kati ya 600 na 900. Mshale ukitulia lakini bodi linatikisika, na mtikisiko unazidi ukiweka D huku umekanyaga breki, usiguse plagi. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mauntingi za injini. Ila fahamu kwamba injini ndogo ya silinda 3 hutetemeka kidogo hata ikiwa mpya, kwa hiyo usiilinganishe na ya jirani yenye silinda 4.

Kwenye mauntingi, mtumba siupendekezi. Mpira huchoka kwa umri hata kama gari lilitembea kidogo huko Japani. Kopi ya bei ya chini kabisa nayo mara nyingi huwa na mpira mgumu, na unaweza kufungiwa mpya na mtetemo ukabaki palepale. Chukua mpya ya daraja la kati, na ubadilishe ile iliyopasuka tu. Kabla hujalipa, mwambie fundi akuoneshe ufa kwa tochi.

Mshale ukirukaruka, fungua boneti usikilize. Sauti ya hewa inayofyonzwa, ssss, ni dalili ya mpira wa vakyumu uliopasuka au uliochomoka. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ya mipira inayoingia kwenye manifodi, mbali na nyaya na soketi za umeme. Mlio wa injini ukibadilika, umepata mahali. Usipulize petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto, utaunguza gari. Kama tatizo limeanza baada ya sevisi, kagua kwanza bomba la ea klina na klipu zake. Mara nyingi ni klipu tu haikukazwa.

Sasa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kupimiwa hugharimu kama shilingi 20,000 hadi 50,000 kila ukienda. Kijiti cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kwa simu kinapatikana kwa pesa hiyohiyo, na ni chako. Kwa mwenye gari lililozeeka kidogo, kununua ni bora kuliko kupimiwa. Kuna mtego mmoja: magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kabla ya mwaka 2008 hivi hayasomeki vizuri kwa vijiti hivi. Mwambie muuzaji akijaribu kwenye gari lako, ndipo ulipe.

Mashine hutaja silinda, haitaji spea. Kodi P0302 maana yake silinda ya 2 haichomi sawasawa. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au kompresheni. Hapa ndipo watu huuziwa koili nne wakati mbovu ni moja. Injini yako ikiwa na koili moja juu ya kila plagi, zima gari, hamisha koili ya silinda ya 2 uifunge kwenye silinda ya 3, na ya 3 uilete huku. Futa kodi, washa, subiri. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Unachohitaji ni spana ya namba 10, soketi ya plagi, na injini iliyopoa.

Koili ya mtumba yenye namba ileile ni chaguo linalokubalika, tena ni nafuu sana kuliko mpya, mradi duka likubali kuirudisha ndani ya siku chache. Waandike hivyo kwenye risiti. Ukichomoa koili ukakuta shimo la plagi lina oili, gasketi ya tapeti kava inavujisha. Ukifunga koili mpya bila kubadilisha gasketi hiyo, nayo inaweza kufa mapema.

Kwenye plagi, piga hesabu ya kilomita. Plagi za kawaida nne kwa 7,000 kila moja ni 28,000, nazo hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000. Za iridiamu kwa 35,000 kila moja ni 140,000, na zinaweza kufika kilomita 100,000. Ukiongeza ufundi wa kubadilisha mara nne, tofauti inakaribia kuisha. Lakini iridiamu feki zimejaa madukani. Orijino ina ncha nyembamba kama sindano, iliyounganishwa kwa usafi. Kama pesa ni kidogo, plagi ya kawaida yenye namba sahihi kutoka duka unaloliamini ni bora kuliko iridiamu ya kubahatisha. Isipokuwa injini yako inalazimu kufungua manifodi ili kuzifikia: hapo ufundi ndio ghali, lipia zinazodumu.

Throto chafu husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, 10,000 hadi 15,000, na kitambaa laini. Ikiwa ni ya umeme, usiisukume kwa kidole huku swichi imewashwa. Baada ya kusafisha, RPM inaweza kukaa juu kwa muda mpaka kompyuta ijizoeshe. Gereji nyingine hulitoza hilo kama “kuprogramu”. Endesha kwanza siku moja mbili, magari mengi hujirekebisha.

Taa ya cheki injini ikipepesa, acha kuendesha. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya bomba la moshi (catalytic converter) na kuyapika. Na fundi akikuambia dawa ya mtetemo ni kutoa masega, kataa. Yana platinamu na paladiamu, yana wanunuzi wake, na ukiyaacha gereji umempa mtu pesa yako. Masega huwa tatizo pale yanapoziba, na dalili yake kubwa ni gari kukosa nguvu ukikanyaga mafuta.

Ikiwa plagi, koili na mipira vimepita, lipia kipimo cha kompresheni kabla hujakubali kuosha nozeli au kushusha injini. Kaa hapohapo, na uandike namba ya kila silinda.