Kompresa ya A/C Ikikataa Kushika: Kagueni Kabla ya Kununua



Katika mvua za masika zilizopita tulipewa lifti na kikundi kimoja cha akina mama, kutoka soko la Keroka kurudi Nyamira. Saa tisa mvua ikamwagika, kama ilivyo desturi ya huku kwetu. Tulikuwa watu saba na nguo zimelowa, na kioo cha mbele kikajaa ukungu. Dereva alipangusa kwa kitambaa huku akikata kona kwa mkono mmoja. Tukamwuliza kwa nini hawashi A/C ikaushe kioo. “Hiyo ilikufa,” akajibu. “Fundi amesema tununue kompresa.” Mweka hazina alikuwa ameshatenga pesa za kikundi kwa kazi hiyo.

Wengi hudhani A/C ni anasa ya watu wa Mombasa. Sisi tunaokaa juu ya mita 1,700 hivi tuna baridi ya kutosha, asante. Lakini A/C pia hukausha hewa iliyo ndani ya gari. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu uliotolewa ndani. Na mkiteremka Sondu mpaka uwanda wa Kano, mkimpeleka mgonjwa Kisumu, mtaitamani.

Kwanza tuelewane. Kompresa ni pampu ya kusukuma gesi ya A/C, nayo huendeshwa na mkanda wa injini. Mbele yake kuna puli inayozunguka wakati wote injini ikiwa hai, na katikati ya puli kuna sahani ya chuma. Ukibonyeza kitufe cha A/C, umeme huingia kwenye koili iliyo nyuma ya puli, koili inakuwa sumaku, inavuta ile sahani, “tak!”, na kompresa inaanza kuzunguka. Hiyo ndiyo klachi yake. Magari mengi yetu yako hivyo.

Jaribio la kwanza halina gharama. Gari lisimame mahali tambarare, gia huru, breki ya mkono ivutwe. Washeni injini, feni ya ndani na A/C. Mmoja wenu atazame kompresa kutoka kando, na leso ziwe mbali na mkanda! Ikiwa puli inazunguka na sahani ya katikati imesimama, klachi haijashika. Hapo bado hamjajua kama kompresa ni mbovu. Mnajua tu kwamba haijaamriwa kufanya kazi, au imeamriwa ikashindwa kutii.

Angalieni fyuzi. Ikiwa imekatika, wekeni ya kipimo kile kile. Ikikatika tena huenda kuna waya uliochunika mahali, utafutwe. Msiweke kubwa zaidi wala msifunge kipande cha waya, magari huungua hivyo. Kisha rilei: mara nyingi iko nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya honi. Badilishaneni, msikilize ile “tak”.

Bado? Fundi wa umeme apime kwa testa waya unaoingia kwenye klachi, nanyi mkiwa mmesimama hapo. Mwambieni awaonyeshe kama taa inawaka au haiwaki kabla hamjatoa hata shilingi. Ikiwaka, na klachi haishiki, ubovu uko kwenye klachi yenyewe. Huenda koili imeungua, au sahani imelika mpaka nafasi kati yake na puli imekuwa pana, sumaku haifikii. Nafasi hiyo inatakiwa iwe kama nusu milimita tu. Dalili yake ni kwamba asubuhi inashika, injini ikipata moto inakataa. Mara nyingi kinaondolewa kiwasha kimoja chembamba na kazi imekwisha, bila kugusa gesi.

Taa isipowaka na fyuzi ni nzima, shukuni gesi. Kwenye bomba kuna swichi ya presha. Gesi ikipungua, swichi hiyo hukata umeme makusudi, kwa sababu oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Kompresa ikizunguka bila oili itajikwaruza mpaka ikwame. (Swichi hukata pia presha ikizidi, kama gesi imejazwa kupita kiasi au feni ya mbele imekufa.) Fundi akisema, “Wacha nipige dairekti,” yaani airuke swichi kwa waya na kuuacha hapo, mkatalieni. Tumeona kompresa nzima ikiuawa hivyo, na safari hiyo ikabidi inunuliwe kweli.

Kwa nini gesi ipungue? Huku kwetu tunakaa miezi bila kuwasha A/C. Mipira ya kuzuia gesi haipati oili, inakauka, na gesi inatoka polepole. Tafuteni alama ya mafuta yenye vumbi kwenye viungo, mpake povu la sabuni. Kujaza gesi bila kuziba ni kuteka maji kwa ungo. Aina na gramu za gesi zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti; magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia R134a. Wapo wanaojaza gesi ya kupikia. Hiyo hulipuka, na ikivuja itaingia mlimo abiria. Kataeni kabisa.

Gari la wale akina mama lilikuwa na fyuzi nzima na taa ya testa haikuwaka. Kiungo kimoja mbele ya redieta kilikuwa na mafuta yenye vumbi. Mpira wa duara ukabadilishwa, hewa ikavutwa kwa pampu, gesi ikapimwa kwa gramu. Klachi ikashika. Sasa dereva huiwasha dakika kumi kila wiki hata kukiwa na baridi, na anayemkumbusha ni mweka hazina.