"Mada Hii Haijawahi Kuandikiwa": Kumfundisha Mwanafunzi wa Kiswahili Kutafuta Maandishi

Utangulizi

Katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi, sentensi moja hujirudia kila mwaka: "Mada hii haijawahi kuandikiwa." Ni mara chache sentensi hiyo huwa kweli. Mara nyingi mwanafunzi ameandika maneno mawili katika kompyuta au simu, hakupata jibu, akahitimisha kuwa uwanja ni mtupu. Madhara yake ni makubwa. Huenda akatumia mwaka mzima kurudia kazi iliyokwisha fanywa na wengine.

Stadi za taarifa ni uwezo wa kujua unahitaji nini, kukitafuta, kukipima, na kukitumia huku ukitaja chanzo. Mara nyingi kazi ya kuzifundisha huachiwa mkutubi. Makala haya yanaeleza kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mwalimu wa Kiswahili, hasa hapa Juba, ambako haja ya Kiswahili imeongezeka tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Neno linalobadilika mwanzoni

Miongozo mingi ya utafutaji imeandikwa kwa kufuata Kiingereza. Humwelekeza msomaji aandike mwanzo wa neno, kisha aweke alama ya nyota ili apate maumbo yote yanayofuata. Katika Kiingereza mbinu hii hufanya kazi kwa sababu maneno mengi hubadilika mwishoni. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni pia. Kutokana na shina moja tunapata kufundisha, ufundishaji, mafundisho na wafundishaji. Anayetafuta "fundish" na nyota hatapata hata moja kati ya hayo, na mifumo mingi ya maktaba haikubali nyota itangulie neno.

Hivyo basi, mwanafunzi hana budi kuyaorodhesha maumbo hayo mwenyewe: umoja na wingi, kitenzi na nomino zake. Hili ni somo la ngeli na unyambuaji, na hakuna anayeweza kulifundisha vizuri kuliko sisi. Aidha, maktaba nyingi huandika vichwa vya mada kwa Kiingereza. Anayeandika "Kiswahili" tu huyakosa maandishi yaliyowekwa chini ya "Swahili". Kwa maandishi ya zamani ajaribu pia "Suahili", kama Krapf alivyoandika katika kamusi yake ya mwaka 1882, na "Suaheli" kwa kazi za Wajerumani.

Umeme unapokatika, rafu hubaki. Katika maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, lugha ya Kiswahili hukaa kwenye namba 496.392 na fasihi yake kwenye 896.392. Mwanafunzi azikariri namba hizo mbili.

Majina yaliyobadilika

Taasisi nazo hubadili majina. Machapisho yaliyotolewa na TUKI hayakuhamia chini ya jina la TATAKI taasisi hiyo ilipoundwa mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetafuta jina jipya pekee huyakosa maandishi ya miongo kadhaa. Kwa upande wa waandishi, Shaaban Robert hupatikana chini ya herufi R, naye Said Ahmed Mohamed chini ya M.

Jirani wa mada

Tuchukue mada inayowavutia wengi hapa: matatizo ya wazungumzaji wa Kiarabu cha Juba wanapojifunza Kiswahili. Akitafuta kwa maneno hayo tu, mwanafunzi anaweza kupata machache sana. Mwalimu amuulize: ni nani wengine wenye lugha ya namna hii walioishi na Kiswahili? Jibu ni Wanubi wa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Kinubi ni ndugu wa Kiarabu cha Juba, kwani chimbuko lake ni askari waliotoka Ikweta mwishoni mwa karne ya 19, na wazungumzaji wake wameishi karibu na Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia moja. Bernd Heine alichapisha kitabu kuhusu Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens kuhusu Kinubi cha Uganda mwaka 2005. Mada iliyodhaniwa kuwa tupu sasa ina pa kuanzia.

Kupima kilichopatikana

Kupata si mwisho wa safari. Mwanafunzi ajiulize: nani ameandika, lini, kwa ushahidi gani? Siku hizi programu za akili mnemba hutoa majina ya vitabu na makala yanayoonekana halisi lakini hayapo. Kanuni iwe moja: usitaje chanzo ambacho hukukiona mwenyewe. Ukipewa jina la kitabu, kitafute kwanza katika orodha ya maktaba au katika hazina ya tasnifu ya chuo husika.

Zoezi la saa moja

Wanafunzi wakae wanne wanne, kila kundi na mada yake. Wachore jedwali lenye safu nne: neno la mada, maumbo yake mengine ya Kiswahili, neno la Kiingereza, na jirani wa mada. Kazi hii inahitaji karatasi na kalamu tu. Ndipo waende maktaba, au watumie intaneti ikiwapo, wakijaribu kila safu na kuandika walichopata. Mwishoni makundi yabadilishane majedwali, kila moja liongeze neno ambalo wenzao walilisahau.

Hitimisho

Napendekeza kwamba wasimamizi wasiikubali tena sentensi ya "haijawahi kuandikiwa" ikisimama peke yake. Mwanafunzi aandike alitafuta wapi, kwa maneno gani, na tarehe gani. Ikiwa baada ya hapo hakupata kitu, msimamizi atakuwa na sababu ya kumsadiki, naye mtafiti atakayefuata atajua pa kuanzia. Mtafutaji hachoki, akichoka, keshapata.