Geji ya mafuta inapodanganya: Boya la bei nafuu linavyoweza kuokoa au kuharibu safari ya mpakani

GARI dogo linatoka Arusha alfajiri likiwa na magunia ya vitunguu vya kuuzwa Nairobi. Mshale wa mafuta unaonyesha nusu tangi, hivyo dereva hapiti kituoni. Ataongeza mafuta akishavuka Namanga. Kabla hajafika Longido, injini inakohoa mara mbili na kuzimika. Mshale bado uko kwenye nusu.

Kinachofuata wafanyabiashara wa njia hiyo wanakijua. Bodaboda anatumwa na dumu, mafuta yanaletwa kwa bei ya kulangua, jua linapanda juu ya mzigo, na mnunuzi aliyekuwa akisubiri sokoni ananunua kwa mwingine. Hasara yote hiyo imetokana na kifaa kidogo kilichomo ndani ya tangi, ambacho mafundi wengi hukiita boya au floti.

Kwa mtu anayezunguka mjini, geji mbovu ni kero tu. Kwa anayevuka mpaka, ni suala la hesabu, kwa sababu bei ya mafuta hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na tarehe za kubadilika nazo hazifanani. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14, na bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Rwanda, bei hupangwa na mamlaka ya RURA, wakati Uganda soko ndilo linaloamua.

Dereva anayejua ana lita ngapi huweza kuchagua ajaze upande upi wa mpaka. Asiyejua hujaza kwa hofu popote anapokuta kituo, hata kama bei ya ng'ambo ni nafuu.

Kwa mfano, gari lenye tangi la lita 50 linalotumia lita moja kwa kilometa 12 huenda kilometa 150 kwa robo tangi. Geji ikikosea kwa robo tu, hiyo ni zaidi ya nusu ya safari ya Arusha hadi Nairobi.

Wapo wanaojitetea kwa kuhesabu kilometa tangu walipojaza. Njia hiyo husaidia barabarani, lakini hudanganya kwenye foleni ya mpakani. Injini inayonguruma ikiwa imesimama hunywa mafuta bila kuongeza hata kilometa moja.

Boya linavyofanya kazi

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda, boya hupanda, yakishuka, hushuka. Mkono huo husogeza ncha ndogo ya chuma juu ya kibao chenye njia ya umeme. Kadiri ncha inavyosogea, ukinzani wa umeme huongezeka au kupungua, na dashibodi hutafsiri badiliko hilo kuwa kiwango cha mafuta.

Ncha hiyo husugua kibao kila siku, kwenye kila tuta na kila shimo. Baada ya miaka mingi, kibao hulika na ncha huchakaa. Hapo ndipo mshale huanza kurukaruka, kuganda mahali pamoja, au kushuka sifuri wakati tangi lina mafuta. Magari mengi ya mtumba huingia Afrika Mashariki yakiwa tayari yamesuguliwa kwa miaka mingi.

Pima kabla ya kununua

Kosa la kwanza ni kununua boya jipya kabla ya kujua kama la zamani ndilo bovu. Mara nyingi tatizo ni fyuzi, plagi iliyoingia kutu, au waya wa ethi uliolegea. Kusafisha plagi na kukaza ethi ni kazi ya dakika chache, na huenda ikamaliza ugonjwa wote.

Fundi mwenye mita ya umeme hupima ukinzani wa boya kwa omu. Boya likiwa nje, huinuliwa taratibu kutoka chini hadi juu huku mita ikisomwa. Namba zikipanda au kushuka mfululizo bila kuruka, boya ni zima na tatizo linatafutwa kwingine. Zikikatika au kurukaruka, kibao kimekufa.

Wenye Subaru za magurudumu manne wawe makini zaidi. Tangi la magari hayo limegawanyika pande mbili, na kila upande una boya lake. Fundi akibadilisha moja wakati bovu ni la pili, mshale utaendelea kudanganya.

Rahisi si lazima iwe mbaya

Kwenye maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala, mteja anaweza kushauriwa anunue pampu nzima pamoja na boya lake. Ikiwa pampu bado nzima, si lazima. Magari mengi hukubali boya kubadilishwa peke yake, na bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya pampu.

Boya lisilo la kiwanda kilichounda gari linaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka, lakini kwa sharti moja: ukinzani wake ulingane na ule ambao dashibodi inautarajia.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Maboya yanayouzwa kama ya "kila gari" yana vipimo tofauti. Yapo ya mtindo wa Kimarekani yenye omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Yapo ya mtindo wa Ulaya yenye omu 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Magari mengi ya Kijapani, yakiwemo yanayobeba mizigo midogo ya mipakani, yana kipimo chake: omu chache tangi likijaa, nyingi likiisha.

Boya la mtindo wa Ulaya likifungwa kwenye gari la namna hiyo, mshale utaenda kinyume. Tangi likikauka, dashibodi itaonyesha limejaa. Lile la Kimarekani nalo litafanya mshale usifike juu hata baada ya kujaza pomoni.

Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na boya la zamani mkononi. Apime jipya likiwa chini kabisa, kisha likiwa juu kabisa, alinganishe na kipimo cha gari lake. Alinganishe pia urefu wa mkono, mkunjo wake na plagi. Muuzaji anayekataa boya lake lisipimwe ameshajibu swali.

Siku ya kufunga

Kwenye magari mengi madogo, mlango wa tangi uko chini ya kiti cha nyuma. Kwenye pikapu na baadhi ya magari ya mizigo, tangi lenyewe hushushwa, na kazi hiyo huhitaji fundi mwenye vifaa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini na huwaka kwa cheche ndogo. Kazi ifanyike nje penye upepo, mafuta yakiwa kidogo tangini, na waya hasi wa betri ukiwa umefunguliwa. Sigara, jiko la mkaa na mashine ya kuchomelea viwe mbali.

Vumbi lililo juu ya mfuniko lisafishwe kabla ya kufungua, lisije likaangukia ndani na kuziba chujio la pampu. Waya za ndani ya tangi zisisokotwe na kufungwa kwa solotepu, kwa sababu petroli huyeyusha gundi yake. Mpira wa mfuniko ukiwa umekauka au kupasuka, ubadilishwe, la sivyo harufu ya mafuta itaingia ndani ya gari. Mwisho, mkono wa boya ujaribiwe kama unapanda na kushuka bila kugusa ukuta wa tangi.

Usiliamini kabla ya kulijaribu

Kazi haijaisha mshale unapoinuka. Mafuta yakiwa karibu kuisha, mwenye gari aongeze lita 10, azime na kuwasha swichi, asubiri mshale utulie, kisha aandike ulipofika. Aongeze 10 nyingine, aandike tena, hadi tangi lijae. Karatasi hiyo ikibandikwa kwenye kinga jua, dereva yeyote atajua nusu ya gari hilo ni lita ngapi hasa.

Hata geji ikiwa sahihi, si vyema kuzoea kuendesha kwenye taa nyekundu. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka, na yakiwa machache hupata joto. Gari la dizeli likikauka kabisa, mfumo huvuta hewa, na kuongeza mafuta pekee huenda kusitoshe kuliwasha hadi fundi aitoe hewa hiyo.

Kwa wanaofikiria kuyafanya maboya haya biashara ya kuvusha, kuna jambo la kukumbuka. Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Boya lililotengenezwa nje ya jumuiya haliingii humo kwa sababu tu limenunuliwa Nairobi au Kampala. Ushuru wake uwekwe kwenye hesabu mapema, kama lita za safari zinavyohesabiwa kabla ya kuwasha gari.