Namba Moja, Masafa Mawili: Funzo kutoka Redio za Dharura

Mgonjwa aliyepoteza fahamu hupimwa sukari ya damu, na muuguzi hutamka: "Ishirini." Kwa milimoli kwa lita, sukari hiyo imepanda kupita kiasi, kwa miligramu kwa desilita, imeshuka kiasi cha kutishia uhai. Tiba ya hali moja yaweza kumuua mgonjwa wa hali ya pili. Namba pekee haitoshi; ni lazima anayeitamka na anayeisikia wawe na kipimo kimoja.

Kanuni hiyohiyo hutawala redio zinazounganisha magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi katika miji mingi ya dunia. Katika simu za upepo za kawaida, kila kikundi hupewa masafa yake, nayo hukaa kimya saa nyingi pasipo mtu wa kuyatumia. Mfumo wa chaneli za pamoja huondoa upotevu huo. Masafa yote huwekwa katika hazina moja chini ya kompyuta kuu. Mhudumu anapobonyeza kitufe, redio yake huomba nafasi. Kompyuta huchagua chaneli iliyo wazi na kuwatangazia wanakikundi wote, kupitia chaneli ya udhibiti, mahali pa kuhamia. Yote hayo hufanyika kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua.

Hata hivyo, tangazo hilo halitaji masafa yenyewe, kwa kuwa ujumbe wake ni lazima uwe mfupi. Hutaja namba ya chaneli tu, na kila redio hujitafutia masafa kwa hesabu yake. Katika mifumo ya zamani ya Motorola ya megahezi 800 nchini Marekani, hesabu ilikuwa nyepesi: anza na 851.0125, kisha ongeza megahezi 0.025 kwa kila namba. Kwa hiyo chaneli ya 440 ilikuwa megahezi 862.0125. Jedwali hilo lilihifadhiwa ndani ya redio yenyewe.

Mwaka 2004 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliamuru masafa hayo yapangwe upya, kwa sababu minara ya simu za mkononi ilikuwa ikivuruga redio za huduma za dharura. Sehemu ya masafa ya usalama wa umma ilishushwa kwa megahezi 15, kutoka 866–869 hadi 851–854. Jedwali nalo likabadilika: kuanzia namba 440 hesabu ilianza upya, na chaneli hiyo ikawa megahezi 851.0250. Redio yenye jedwali la kale, ikiambiwa ihamie 440, ingetii amri kwa uaminifu na kwenda kusikiliza mahali pasipo na mtu. Isingetoa ishara yoyote ya hitilafu. Mhudumu angesikia kimya tu, akidhani hakuna anayeita.

Mifumo ya kidijitali ya Project 25 iliziba pengo hilo kwa kutangaza jedwali lenyewe. Chaneli ya udhibiti hurudia mara kwa mara masafa ya kuanzia, ukubwa wa hatua, na tofauti kati ya masafa ya kupokea na ya kurusha. Tuseme mwanzo ni megahezi 851.00625 na hatua ni kilohezi 6.25: namba 1001 itakuwa megahezi 857.2625. Tofauti ikiwa megahezi 45 kushuka, redio itarusha kwa 812.2625. Redio iliyowashwa sasa hivi husubiri kwanza kulisikia jedwali, ndipo izielewe namba. Masafa yakibadilishwa kesho, jedwali jipya litatangazwa hewani.

Wodini hakuna chaneli ya udhibiti inayorudia kipimo usiku kucha. Kazi hiyo ni ya wahudumu wenyewe: kuandika kipimo kando ya kila namba, kukitamka wakati wa kukabidhiana zamu, na kukagua kila kifaa kipya, hata kile cha akiba kilichosahaulika kabatini, kabla hakijamfikia mgonjwa. Namba iliyoeleweka vibaya haipigi kelele. Hufuatwa kwa utiifu, kama redio ile iliyokwenda kusikiliza kimya.