Kukonda si Lazima Kuumwa

Ndugu msikilizaji, mwaka jana nilifuatana na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kutoka Muleba kwenda Bukoba. Tuliposhuka stendi akatokea mama mmoja waliyesoma naye. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akafunika mdomo kwa kanga, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Pole sana, mwenzangu. Umeanza kuumwa lini?"

Dada hakuwa anaumwa. Tangu aolewe hakuwahi kuwa mzima kama siku ile. Alikuwa amepungua kilo 36 katika muda wa mwaka mmoja, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huko Dar es Salaam.

Msikilizaji ambaye si wa Kagera huenda akamshangaa yule mama. Sisi wa huku hatumshangai. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wakati huo watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wachuuzi wa mpakani. Tulizika, tukarudi nyumbani, kesho yake tukazika tena. Aliyekonda alihesabiwa kuwa yuko njiani. Tangu hapo unene ukawa cheti cha afya, na mwenye kitambi akakitembeza kwa fahari. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na leo wapo maelfu wanaozimeza na kulima migomba yao kama kawaida. Hofu ya wembamba ndiyo haijapata dawa.

Basi dada yangu alibeba cheti hicho cha afya kwa miaka mingi. Alikuwa na kilo 128, na urefu wake ni mita 1.60. Ukizidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha ukagawanya uzito kwa jibu ulilopata, unapata 50. Madaktari husema kuanzia 25 mtu amezidi uzito, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Alikuwa na kisukari, shinikizo la damu, na magoti yaliyokataa kupanda kilima cha kwenda kanisani.

Wako watakaosema: si apunguze kula? Alipunguza. Alipungua kilo 8, zikarudi 10. Mwili wa binadamu una ukaidi wake. Ukiunyima chakula huongeza homoni ya njaa na kubana matumizi ya nguvu, kama mama wa nyumbani anayeona gunia linakwisha. Ndiyo maana mwaka 1991 wataalamu waliokutana Marekani walikubaliana kwamba mtu mwenye kipimo cha 40, au 35 akiwa na maradhi yatokanayo na unene, anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango hadi 35, na 30 kwa mwenye kisukari.

Njia ziko kadhaa. Ya kwanza si upasuaji: ni puto laini linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni, likajazwa maji, likakaa kwa miezi kama sita, kisha likatolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ya pili ni kukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula, ukabaki mfereji mwembamba kama ndizi. Hiyo ndiyo aliyofanyiwa dada. Ya tatu ni kutengeneza kifuko kidogo sana na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato.

Hata majeshini jambo hili lipo. Hospitali za jeshi la Marekani, kama vile Walter Reed na Tripler, huwapasua wastaafu na familia za askari. Lakini askari aliye kazini kwa kawaida haruhusiwi. Sababu yake inaeleweka: aliyepasuliwa hula kidogo kidogo, tena humeza vitamini maisha yake yote. Vitani nani atamhakikishia hayo?

Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Kisu ni kazi ya saa chache. Kazi yenyewe huanza mgonjwa akifika nyumbani. Dada alirudi Muleba, safari ya zaidi ya kilometa 1,300, akiwa na karatasi ya chakula iliyojaa vitu visivyouzwa katika gulio letu. Ilibidi tukae jikoni tutafute vyetu: supu ya samaki iliyochujwa, dagaa wa kusaga, maharage yaliyopondwa, baadaye ndizi laini vijiko vitatu. Mwezi wa nne nywele zilikatika, akalia. Ngozi ya mikono ikalegea. Msibani alikataa sahani, wenye msiba wakanuna. Lubisi, aliyokuwa akinywa kibuyu kizima, sasa funda mbili zinamlevya.

Kwa hiyo anayefikiria njia hii namshauri mambo matatu. Kwanza, aulize habari za miaka mitano ijayo, asiulize za siku ya kupasuliwa tu: vitamini B12 na madini ya chuma atavipata wapi, damu atapimiwa wapi. Kwa mwanamke, aulize pia kuhusu mimba, maana hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Pili, arudi na maelezo yaliyoandikwa ya alichofanyiwa. Akishikwa na kutapika usiku wa manane, atakayempokea ni daktari wa Rubya, Kagondo au Ndolage, wala si yule aliyempasua. Tatu, awaeleze watu wa nyumbani mapema, kwa sababu wao ndio wanaopakua.

Nasi wengine tunalo la kufanya. Pale stendi dada alimjibu mwenzake: "Siumwi, mama. Nimepona. Sukari imeshuka, na Jumapili napanda kile kilima bila fimbo." Yule mama hakuamini. Alimkumbatia kama mtu anayeaga.

Dada aliniambia jioni ile kwamba kisu hakikumuuma kama lile kumbatio. Siku nyingine, msikilizaji, ukikutana na mtu aliyepungua, msalimie kwanza habari za nyumbani. La mwili wake atakuambia mwenyewe akitaka.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.