KIJIWE CHA KAHAWA

Ndugu msomaji, siku ya gulio, ukishauza ndizi na maharage yako, pita kijiweni unywe kahawa. Kijiwe hakina mlango wala kibao. Pana mabenchi mawili yasiyolingana urefu, jiko la mkaa, birika jeusi na vikombe vidogo visivyo na mkono. Ukifika, wasalimu wote. Watasogea upate mahali pa kukaa.

Hapa hakuna anayekuharakisha. Wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja anaitwa Waziri, mwingine Daktari, ingawa wote ni wakulima kama wewe. Kwa kikombe kimoja utasikia habari za wilaya nzima.

Kahawa hiyo hutengenezwa hivi. Buni hukaangwa, kisha hutwangwa kwenye kinu. Unga wake huchemshwa, na wengine huongeza tangawizi. Ni chungu, ndiyo maana wengi huinywa na kashata. Muuzaji mzuri huosha kila kikombe kwa maji safi ya moto. Ukiona vikombe vinasuuzwa katika ndoo moja ya maji machafu, mwambie kwa upole. Kumbuka pia kwamba robusta yetu ina nguvu kuliko arabika. Mama mjamzito apunguze. Anayekosa usingizi asinywe jioni.

Kahawa si kitu cha jana hapa Kagera. Wazee wetu walikuwa na mibuni kabla Wajerumani hawajafika. Walichuma buni mbichi, wakazichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni alipewa akamwani kwa heshima.

Tunda moja la kahawa lina mbegu mbili. Watu waliochanjana udugu walikula kila mmoja mbegu yake, ikiwa na damu ya mwenzake. Leo hatuchanganyi damu, kwa sababu tunajua huambukiza UKIMWI na homa ya ini. Lakini maana yake ibaki: waliokula kahawa pamoja hawadanganyani.

Hata hivyo, jihadhari. Kwenye benchi hilo hilo huweza kufanyika butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado shambani, ikiwa maua au buni changa. Mtu ana mgonjwa nyumbani, au mtoto hana sare za shule. Mwenye fedha anamnunulia kikombe cha kahawa, kisha anatoa karatasi. Asiyejua kusoma huweka dole gumba tu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme unapewa shilingi 80,000 kwa kilo 100 za kahawa ya maganda. Wakati wa mavuno, tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Kilo 100 zingekupa shilingi 200,000. Umepoteza shilingi 120,000. Na ukivuna kidogo, deni linabaki. Serikali imekataza butura, lakini shida haisikii katazo. Kwa hiyo fanya haya:

1. Ukipata shida, nenda kwanza kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa.

2. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Soma jina, kilo, bei na tarehe. Dai nakala yako.

3. Kahawa ipimwe kwa mizani, si kwa debe. Dai stakabadhi.

4. Uza kupitia chama cha msingi. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, lakini wakulima wa pande zote mbili wanahudumiwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Tangazo la bei likibandikwa chamani, liandike kwenye daftari lako. Siku ya gulio, lisome kwa sauti pale kijiweni. Waziri na Daktari wataacha drafti wakusikilize. Pengine yupo mmoja kwenye benchi ambaye alikuwa karibu kuweka dole gumba.

Kahawa inywe, karatasi isome.

MASWALI

1. Butura ni nini? Kwa nini watu huingia katika butura?

2. Katika mfano wetu, mkulima alipoteza shilingi ngapi?

3. Kijijini kwenu, mkulima mwenye shida apate wapi msaada kabla ya mavuno? Jadilianeni darasani.