Barua ya Mapenzi Kutoka Burma

Umewahi kumwandikia mpenzio ukijua kabisa kuwa afisa wa jeshi ataisoma barua kwanza, kisha nyumbani isomwe kwa sauti mbele ya mama mkwe? Mimi nimeandika. Tena saba!

Kikundi chetu cha maigizo kilitaka kuonyesha maisha ya keya, wale askari wa King's African Rifles waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Sare zikapatikana, mabuti yakapatikana. Barua nikaachiwa mimi.

Keya wangu nilimweka Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mvua za mwaka 1944, bonde la Kabaw. Matope, malaria, Wajapani. Lakini jamani, haruhusiwi kutaja mahali! Wakaguzi walifuta. Basi anaandika tu: "Niko mbali, mvua ni nyingi."

Halafu askari wengi hawakujua kuandika. Wengine walifundishwa jeshini, wengine waliandikiwa na wenzao. Na mke kijijini naye mara nyingi alisomewa. Hebu hesabu: mwandishi, mkaguzi, msomaji, na wakwe pembeni. "Nakupenda" itapitia wapi?

Itapitia kwa mbuzi! Keya wangu anauliza kama yule mweusi amezaa, kama paa limeezekwa, kama mtoto anatembea. Mwenye masikio amesikia.

Ila si yote matamu. Huko vitani wivu uliwatafuna. Wapo walioandika hadi kwa wakuu wa wilaya wakilalamika kuwa wake zao wamechukuliwa. Kwa hiyo barua ya saba niliifanya fupi, ya baridi: "Nimesikia maneno."

Kwenye mazoezi, dada anayeigiza mke aliisoma, akaishusha. "Sasa mimi nitajibu nini, na karani ndiye anayeniandikia?" Kimya. Tukakaa naye mpaka jioni, akasema mwenyewe, mimi nikaandika:

"Maneno hayana miguu, huletwa na watu. Mbuzi amezaa mapacha. Paa nimeezeka. Mlango ni ule ule."

Mh! Hata wanaume walifuta macho.

Ukitaka kujaribu, zingatia haya:

• Anza na salamu ndefu: mimi mzima, hofu ni kwako. Taja ndugu mmoja mmoja.

• Tumia penseli au kalamu ya kuchovya wino. Bic zilianza kuuzwa mwaka 1950.

• Usiichovye karatasi kwenye chai ili ionekane kuukuu. Mwaka 1944 barua hiyo ilikuwa mpya! Ikunje tu, ikae mfukoni siku mbili.

• Usitaje mji, meli wala siku ya safari.

Sisi leo tuna meseji, hakuna mkaguzi, na bado tunaishia "mambo", "poa". Leo jioni hebu muulize mwenzio: yule mbuzi mweusi amezaa? Akielewa, shoga yangu, huyo usimwache.